Kikombe na Sarafu: Uhakiki wa Bustani ya Riverbank Juu ya Mtambo wa Majitaka wa North River, Harlem

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Bustani ya Jimbo ya Riverbank iliyopo Harlem, jijini New York, ambayo imejengwa juu ya paa la mtambo wa kusafisha majitaka wa North River. Uhakiki unaongozwa na dhana za fani na maudhui kama zinavyotumika katika uhakiki wa kazi za sanaa kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba bustani hiyo imefaulu kuwapa wakazi mahali pa kukutana, kucheza na kupumzika, lakini haikufaulu kuufanya mtambo wenyewe uwe mali ya umma, kwa kuwa ilibuniwa kama malipo ya kero na haikubuniwa kama sehemu ya kazi ya kusafisha maji. Hoja hiyo inapimwa kwa kuilinganisha Riverbank na mtambo wa Newtown Creek, Brooklyn, na ardhioevu za Arcata, California.

1.0 Utangulizi

Mtambo wa majitaka ni jengo linalotumiwa na kila mkazi wa mji kila siku, na karibu hakuna anayetaka kuliona. Kwa sababu hiyo, miji mingi huijenga mitambo hiyo pembezoni, nyuma ya uzio, mara nyingi jirani na watu ambao sauti yao haifiki mbali katika vikao vya maamuzi. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 lilijitokeza wazo tofauti, kwamba ardhi ya mtambo inaweza kufanya kazi mbili kwa pamoja: kusafisha maji na kuwapa wananchi eneo la wazi. Wazo hilo husifiwa sana katika fani ya usanifu majengo. Hata hivyo, sifa hizo aghalabu huangalia picha za majani mabichi na viwanja, na hazichunguzi uhusiano uliopo baina ya kilicho juu na kilicho chini.

Riverbank ni mfano unaofaa kuchunguzwa kwa undani. Ina ekari 28, iko takriban mita 21 juu ya Mto Hudson, na imedumu kwa miaka ya kutosha kupimwa kwa matumizi yake halisi badala ya ahadi za wabunifu wake. Aidha, historia yake inaibua swali zito: mradi unapokiweka kiwanja cha kuchezea watoto juu ya majitaka ya nusu ya kisiwa, ni nani aliyepewa zawadi na ni nani aliyetwishwa mzigo?

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamejadili kwa muda mrefu uhusiano wa fani na maudhui. Wapo wanaoufananisha na kikombe na chai: kikombe kinaweza kumwagwa chai yake na kutiwa kinywaji kingine, na bado kikabaki kikombe kilekile. Wapo wanaoufananisha na pande mbili za sarafu: ukiufuta upande mmoja, sarafu nzima imepoteza thamani. Mjadala huo umezaliwa katika usomaji wa riwaya, ushairi na tamthiliya, lakini unaweza kuvuka mipaka hiyo, kwani jengo nalo lina umbo linaloonekana na lina jambo linalolitenda na kulisema.

Katika makala haya, fani ya mtambo wenye matumizi mawili ni mpangilio wa nafasi zake: njia, viwanja, majengo, mandhari na namna mgeni anavyoingia. Maudhui ni kazi inayofanyika humo, yaani kupokea maji machafu ya jamii na kuyarudisha mtoni yakiwa salama, pamoja na mahusiano ya kijamii yanayoamua kazi hiyo ifanyike wapi na kwa gharama ya nani. Kigezo cha kuhakikia ni hiki: je, bustani na mtambo ni kikombe na chai, au ni pande mbili za sarafu?

3.0 Usuli: Harufu Ilitangulia, Bustani Ikafuata

Hadi mwaka 1986, majitaka ya upande wa magharibi wa Manhattan yalimwagwa katika Mto Hudson bila kusafishwa. Haja ya mtambo haikuwa na ubishi, na sheria ya shirikisho ya maji safi ya mwaka 1972 iliifanya kuwa wajibu. Ubishi ulikuwa juu ya mahali. Mpango wa awali uliutaja ufuko wa mto karibu na Mtaa wa 72, eneo lenye wakazi wengi wenye kipato kikubwa na wengi wao Weupe. Katika miaka ya 1960 mpango ulihamishiwa kaskazini, baina ya Mtaa wa 137 na Mtaa wa 145, mbele ya Harlem Magharibi, makazi ya Wamarekani Weusi na ya wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini. Wakazi walipinga. Ili kuutuliza upinzani huo, serikali ya jimbo iliahidi kujenga bustani juu ya paa la mtambo.

Mpangilio wa miaka unaeleza mengi kuliko maelezo ya wabunifu. Mtambo ulianza kazi mwaka 1986, na hatua yake ya pili ya kusafisha maji kwa bakteria ikakamilika mwaka 1991. Bustani ilifunguliwa mwaka 1993. Kwa miaka 7, basi, wakazi waliishi na mtambo bila bustani. Katika kipindi hicho harufu iliingia madarasani, vyumbani na barabarani, na malalamiko ya macho kuwasha na kifua kubana yakawa ya kawaida.

Mnamo Januari 1988, katika maadhimisho ya kuzaliwa kwa Martin Luther King, wakazi walizuia magari katika barabara iliyo mbele ya mtambo, baadhi yao wakiwa wamevaa vinyago vya kujikinga na gesi. Watu 7 walikamatwa, akiwamo Peggy Shepard. Mwaka huohuo kilianzishwa chama cha West Harlem Environmental Action, ambacho baadaye kilikuja kuwa miongoni mwa vyama vinavyojulikana zaidi nchini Marekani katika kudai haki ya mazingira. Mwaka 1992 chama hicho, pamoja na Natural Resources Defense Council, kililishtaki Jiji la New York. Makubaliano yaliyofikiwa mwishoni mwa mwaka 1993 yaliunda mfuko wa dola milioni 1.1 kwa ajili ya jamii, huku jiji likijifunga kutekeleza mpango wa dola milioni 55 wa kurekebisha mtambo na kudhibiti harufu.

Kwa hiyo, ufunguzi wa bustani na mafanikio ya kesi vilitokea katika mwaka mmoja. Hilo linapaswa kukumbukwa, kwa sababu masimulizi mengi ya kiusanifu huitaja bustani na kuiacha kesi. Bila kesi, bustani ingebaki kuwa kiti kizuri kilichowekwa mahali pasipokalika.

4.0 Fani: Sifa Inayostahili Kutolewa

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Riverbank inaelea kweli. Mtambo umesimama juu ya misingi iliyochimbwa hadi kwenye mwamba chini ya mto, na bustani imesimama juu ya mtambo. Msanifu wake, Richard Dattner, alivutiwa na bustani za juu ya mapaa nchini Japani. Changamoto yake kubwa ilikuwa uzito. Nguzo za mtambo haziwezi kubeba kila kitu mahali popote. Hivyo nafasi ya kila jengo ilitegemea uwezo wa nguzo zilizo chini yake, majengo yakafanywa mepesi, na kina cha udongo kikaamua ni mimea gani ingeweza kuota wapi. Kwa maneno mengine, mpangilio wa juu ulichorwa kwa mkono wa chini.

Ndani ya mipaka hiyo, kilichotolewa ni kingi. Kuna bwawa la kuogelea la ndani lenye urefu wa mita 50, bwawa la nje, uwanja wa mpira wenye njia ya kukimbilia, viwanja vya tenisi na mpira wa kikapu, ukumbi wa utamaduni wenye viti 800, na uwanja wenye paa ambao wakati wa baridi huwa wa kuteleza juu ya barafu na wakati wa joto huwa wa viatu vya magurudumu. Kuna pia bembea la kuzunguka ambalo wanyama wake walichongwa kutokana na michoro ya watoto. Madaraja mawili huvuka barabara kuu na reli na kuiunganisha bustani na mitaa.

Mhakiki anayeidharau orodha hii kwa kuiita kifunika aibu atakuwa hajawatendea haki watumiaji wake. Katika sehemu ya mji ambayo kwa miaka mingi ilinyimwa viwanja vyenye hadhi, bwawa la kiwango cha Olimpiki si pambo. Wazee wanaofanya mazoezi humo, watoto wanaojifunza kuogelea na familia zinazosherehekea humo hawahitaji idhini ya nadharia yoyote ili wafurahie. Kwa kipimo cha eneo la umma, yaani je, watu wanakuja na wanarudi, Riverbank imefaulu.

5.0 Maudhui: Kilichofichwa Chini ya Paa

Chini ya paa hilo mna kazi ambayo haina hata sekunde moja ya mapumziko. Majitaka ya watu zaidi ya 600,000, kuanzia Greenwich Village hadi ncha ya kaskazini ya Manhattan, huingia kupitia machujio yanayonasa takataka kubwa. Kisha hutulia katika matangi ili yaliyo mazito yazame. Baada ya hapo hupelekwa katika matangi yanayopulizwa hewa, ambamo bakteria hula uchafu ulioyeyuka. Hutuama tena, hutiwa dawa ya kuua vijidudu, na ndipo huachiwa mtoni. Tope linalobaki huozeshwa katika matangi yasiyo na hewa, nalo hutoa gesi inayoweza kuendesha injini. Mtambo umesanifiwa kusafisha galoni milioni 170 kwa siku, sawa na takriban lita milioni 640, na kupokea mara mbili ya kiasi hicho mvua inaponyesha.

Mgeni wa Riverbank anaweza kuimaliza siku nzima bila kuiona hata hatua moja ya kazi hiyo. Fani ya bustani haimwelekezi huko. Njia zake humgeuzia uso mtoni na machweo. Mabomba marefu ya kutolea moshi ndiyo peke yake yanayochomoza kukumbusha. Hapa ndipo tatizo la kikombe na chai linapojitokeza. Bustani hii ingewekwa juu ya kituo cha mabasi au ghala, isingehitaji kubadilishwa isipokuwa nguzo. Umbo lake halina neno la kusema juu ya maji.

Inaweza kujibiwa kwamba kuficha ndiko wakazi walikokutaka: nani anataka kuona kinyesi akiwa matembezini? Jibu hilo halitoshi. Kuficha kuna gharama mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi. Mtambo uliofunikwa hukusanya gesi zake mahali pamoja, hasa haidrojeni salfaidi inayozalishwa uchafu unapooza bila hewa, na lazima hewa hiyo ivutwe, isafishwe na kutolewa kwa utaratibu. Usafishaji huo ukilegea, paa halizuii chochote, kwani jicho linaweza kudanganywa kwa nyasi, lakini pua haidanganyiki. Ndiyo maana fedha za makubaliano ya mwaka 1993 zilielekezwa katika mtambo, mahali ambapo tatizo lilikuwa tangu awali.

Gharama ya pili ni ya kiraia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Julai 2011 moto ulizuka katika chumba cha injini cha North River, mtambo ukasimama, na majitaka yasiyosafishwa yakamiminika mtoni hadi wananchi wakaonywa wasiogelee katika baadhi ya fukwe. Kwa wengi, hiyo ilikuwa siku ya kwanza kufahamu kwamba mtambo huo upo na kwamba uzima wa mto unautegemea. Eneo la umma lililosimama juu yake kwa miaka 18 lilikuwa na nafasi ya kuwafundisha hilo kila wikendi, na halikuitumia. Watu wasioujua mtambo hawawezi kuudai utunzwe, wala hawawezi kuuliza kwa nini maji ya mitaa ya kusini yenye utajiri husafishwa mbele ya madirisha ya Harlem.

6.0 Ulinganisho

6.1 Newtown Creek: Kuonyesha

Mtambo wa Newtown Creek, uliopo Greenpoint, Brooklyn, ni mkubwa kuliko yote 14 ya Jiji la New York. Ulipokarabatiwa kwa usanifu wa kampuni ya Polshek, matangi yake 8 ya kuozesha tope hayakufichwa. Yalijengwa kama mayai makubwa ya chuma king'aacho, na usiku humulikwa kwa taa za buluu. Watembeleaji wamekuwa wakipandishwa juu ya mayai hayo kwa ziara zenye mwongozo, hata siku ya Valentino. Mwaka 2007 ilifunguliwa njia ya matembezi iliyobuniwa na msanii George Trakas, inayopita ukingoni mwa mtambo na kushuka kwa ngazi hadi kwenye maji ya kijito.

Njia hiyo haina bwawa la kuogelea wala ukumbi. Ukilinganisha vitu na vitu, Greenpoint imepewa kidogo mno kuliko Harlem. Lakini mtu anayekaa katika ngazi zile anakiona kijito kilichochafuliwa na viwanda kwa zaidi ya karne, anayaona mayai, na anaelewa kwamba kimoja kinamhusu mwenzake. Fani inayataja maudhui. Upungufu wake ni kwamba inayataja kutoka ukingoni tu: mgeni ni mtazamaji, na kazi yenyewe inaendelea upande wa pili wa ukuta.

6.2 Arcata: Kuunganisha

Arcata ni mji mdogo katika ghuba ya Humboldt, kaskazini mwa California. Katika miaka ya 1970, sera ya jimbo ya kuzuia majitaka kumwagwa katika ghuba iliuelekeza mji huo kwenye mtambo mkubwa wa pamoja wa mkoa. Wananchi, wakisaidiwa na wanataaluma wa chuo kikuu kilichokuwa hapo, wakiwamo George Allen na Robert Gearheart, walipendekeza njia nyingine: kuyapitisha maji yaliyokwisha kutuama katika mabwawa na ardhioevu, ambamo mimea na viumbe wadogo humalizia kazi. Ardhi iliyotumika ilikuwa imechakazwa na viwanda vya mbao na jalala la taka. Ardhioevu hizo zilizinduliwa mwaka 1986, mwaka uleule North River ilipoanza kazi, na leo eneo lote lina zaidi ya ekari 300.

Watu hutembea humo, hukimbia na kutazama ndege wengi wanaohama kufuata majira. Jambo la msingi ni kwamba kinachowavuta ndege na watu ndicho kinachosafisha maji. Yakiondolewa majitaka, ardhioevu hukauka. Ikiondolewa ardhioevu, majitaka hubaki machafu. Hii ndiyo sarafu yenye pande mbili. Katika Arcata, bustani haikuwa malipo ya mtu yeyote, kwa sababu uamuzi wa kuwa na bustani na uamuzi wa namna ya kusafisha maji ulikuwa uamuzi mmoja, na waliouchukua ndio wanaoishi nao.

7.0 Mjadala

Pingamizi la wazi ni la ukubwa. Arcata ina wakazi wasiozidi makumi machache ya maelfu na ardhi ya kutosha. Manhattan ya Magharibi ina zaidi ya 600,000 na haina hata nafasi ya kuegesha magari. Ardhioevu hazingeweza kubeba mzigo wa North River. Pingamizi hili ni la kweli, na linaonyesha kwamba Arcata haifai kunakiliwa kama ramani.

Kinachohamishika ni mpangilio wa maamuzi. Mahali popote mambo matatu yanaweza kuulizwa kabla ya mchoro wa kwanza. Kwanza, je, jamii inayoahidiwa bustani ndiyo iliyokubali mtambo, au imeahidiwa kwa kuwa ilikataa? Pili, je, fedha za kudhibiti harufu na za kuutunza mtambo zimetengwa kabla ya fedha za nyasi? Tatu, je, mgeni wa eneo hilo ataondoka akijua maji yake yanakwenda wapi? Katika North River majibu yalikuwa hapana mara tatu, na majibu mawili kati ya hayo hayakuhusiana kabisa na ukosefu wa ardhi. Hata paa lililojaa viwanja lingeweza kuwa na dirisha la kutazamia matangi, mfereji wa kuonyesha maji kabla na baada ya kusafishwa, au chumba ambamo vipimo vya hewa vinasomwa hadharani na wakazi wenyewe.

Kwa upande mwingine, Harlem ina jambo ambalo Arcata na Greenpoint zinaweza kujifunza. Pale ambapo usanifu ulinyamaza, watu walisema. Waliovaa vinyago barabarani mwaka 1988 waliyaleta maudhui yaliyofichwa mbele ya macho ya jiji, na kwa maana hiyo wao ndio wahakiki wa kwanza wa mtambo huo. Walichokidai si kuongezewa viwanja. Walidai hewa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Riverbank ni kazi yenye fani iliyofaulu na maudhui yaliyofunikwa. Kama eneo la umma, inastahili heshima, na wanaoitumia hawapaswi kuonewa huruma. Kama jibu la swali la majitaka, ni kikombe kizuri kilichotengenezwa ili chai isitajwe. Newtown Creek imepiga hatua kwa kuonyesha, na Arcata imeonyesha kwamba kusafisha maji na kukutanisha watu kunaweza kuwa tendo moja.

Wabunifu na mamlaka za miji zinazovutiwa na mitambo yenye matumizi mawili zinapaswa kukumbuka kwamba bustani haipunguzi wajibu wa kusafisha maji vizuri wala haihalalishi uteuzi wa mahali usio wa haki. Wajibu huo hupimwa kwanza. Eneo la wazi linalofuata baada ya wajibu kutimizwa ni haki ya wakazi. Linalotolewa badala yake ni bei, na watu wa Harlem walikuwa wameilipa bei hiyo kwa miaka 7 kabla ya lango la Riverbank kufunguliwa.